Mashine Ikigoma, Iulizwe Kwanza

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma humu habari za michezo, za mabweni na za faida ya elimu. Leo naomba nafasi nieleze jambo la petroli na masizi. Huenda wengine wakaona halistahili kurasa hizi. Mimi naona lastahili, kwa sababu lagusa mifuko ya wazazi wetu, na tena lagusa namna tunavyotumia akili tuliyopewa darasani. Maoni yangu ni haya: mashine ndogo ikikataa kuwaka, sisi hukimbilia dukani kununua kifaa kabla hatujajua kilichokufa ni nini. Desturi hii ni mbaya, nayo yaweza kuachwa na mtu yeyote mwenye subira ya nusu saa.

Nitatoa mfano wa baiskeli ya mashine, maana mji huu ni mji wa baiskeli. Toka Ngamiani mpaka Raskazone, toka Makorora mpaka Chumbageni, wazee, akina mama na watoto wa shule wote hupanda baiskeli wala hapana anayeona haya, kwa kuwa nchi yetu ya mjini ni tambarare. Lakini mtu anayetoka Tongoni au Pongwe na mzigo nyuma, jua likiwa utosini, si ajabu akitamani kusaidiwa na injini. Na tamaa hiyo si ya leo. Wafaransa walianza kuuza VéloSolex mwaka 1946, injini yake ikikaa juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma kwa rola. Mobylette ikafuata mwaka 1949, na Wajerumani wakaleta NSU Quickly mwaka 1953. Siku hizi injini huletwa kutoka China vipande vipande ndani ya boksi, na mtu huifunga mwenyewe katikati ya fremu ya baiskeli yake. Aghalabu boksi huandikwa kuwa ni injini ya sisi 80. Mwanafunzi aliyesoma ujazo wa mcheduara aweza kuihakiki: ile ya kawaida ina silinda yenye kipenyo cha milimita 47, na pistoni hutembea milimita 38. Piga hesabu, utapata sisi 66. Basi hata jina la mashine lataka kuulizwa.

Injini hii ni ya mapigo mawili. Maana yake, kila krenki inapozunguka mara moja, mafuta huwaka mara moja; katika injini ya mapigo manne, kama zilivyo bodaboda zetu nyingi, krenki huzunguka mara mbili ndipo mafuta yawake mara moja. Mashine ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche hupiga mara 50 katika sekunde moja. Haina valvu kichwani wala bakuli la oili chini. Pistoni yenyewe ndiyo bawabu: katika kupanda na kushuka kwake hufunga na kufungua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwanza chini, katika kasha la krenki, na pistoni ikishuka huusukuma uende juu kuchomwa. Mpango huo ulitungwa na Mwingereza mmoja, Joseph Day wa mji wa Bath, mwishoni mwa karne ya 19. Na kwa kuwa petroli yapita chini penye krenki na beringi, oili ya kulainisha huchanganywa humo humo ndani ya petroli. Ndiyo sababu mashine hii ni nyepesi, na ndiyo sababu magonjwa yake si yale ya gari. Fundi hodari wa malori aweza kupotea njia akiifuata kwa mazoea ya lori.

Injini hiyo yahitaji mambo machache tu. Yataka cheche kwa wakati wake. Yataka petroli na hewa kwa kadiri yake. Yataka mgandamizo, yaani pistoni iweze kuukaza mchanganyiko huo usitoroke. Na la nne, ambalo watu wengi hulisahau, yataka mlango wazi wa kutolea moshi. Ikigoma, moja katika hayo limekosekana. Haiwezekani kuwa imechukia, wala haijarogwa.

Basi uanzie wapi? Mimi nasema uanzie penye gharama ndogo, si penye kifaa kikubwa. Chomoa mpira wa petroli penye kabureta uone kama mafuta yashuka. Hilo halikugharimu hata senti moja. Kisha toa plagi uitazame. Iliyo na rangi ya kahawa ya maziwa yaonyesha kuwa mashine yala vizuri. Iliyo nyeusi na yenye kulowa yasema petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Iliyo nyeupe kama chokaa yasema mashine yawaka kwa joto kupita kiasi, pengine kwa kuwa hewa yaingia mahali isipotakiwa. Ifute plagi, irudishe katika kofia yake, uilaze juu ya mapezi ya silinda mbali na tundu lake, kisha mwenzako azungushe gurudumu; utaona cheche au hutaiona. Usiishike chuma kwa mkono mtupu kama wafanyavyo wengine kwa kujigamba, maana umeme ule ni wa maelfu ya volti, na usifanye jambo hilo penye petroli iliyomwagika. Mwisho, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba wakati mashine ikizungushwa. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mgandamizo upo. Kazi yote hiyo yataka spana ya plagi na kitambaa.

Cheche ikikosekana kabisa, bado usikimbie dukani. Katika injini hizi za boksi, waya wa buluu na mweusi hutoka kwenye magneto kwenda kwenye kifaa cha kuwashia, na swichi ya kuzimia hufungwa hapo hapo. Swichi ikigusana ndani kwa ndani, ni sawasawa na mtu aliyeibonyeza siku nzima. Ichomoe, ujaribu tena. Upo na waya mweupe, ambao watu hupenda kuungia taa. Ukigusa fremu, cheche hupotea. Nimeona waya huo ukifungwa kwa gundi ya karatasi na mashine ikawaka.

Na hapa yafaa nieleze kwa nini nayashikilia mambo haya. Katika likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa baiskeli na mashine za boti huko Ngamiani. Akaja mzee mmoja mchuuzi wa samaki, akiikokota baiskeli yake ya mashine na tenga tupu nyuma.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu. Mashine hii yanitoa roho. Yaenda vizuri, nikifika kama maili mbili yakohoa, yazima.”

Alikuwa amekwisha kupita kwa fundi mwingine mjini. Alibadilishiwa plagi, haikufaa. Akanunua koili, haikufaa. Akanunua kabureta nzima, na siku ile yazimika pale pale ilipokuwa ikizimika siku zote. Fedha hizo, alituambia, alikuwa ameziweka kwa sare na madaftari ya mjukuu wake anayeanza Kidato cha Kwanza. Na samaki hawamngoji fundi. Tenga la asubuhi likichelewa kufika, saa sita huuzwa kwa bei ya kutupa.

Mjomba hakushika spana. Alimkaribisha kwenye benchi, akamwuliza, “Mzee wangu, ikizima hukaa muda gani ndipo iwake tena?”

“Robo saa hivi.”

“Na huwaka yenyewe tu, hukufanya lolote?”

“Silifanyi lolote. Nafungua kifuniko cha tangi nione kama mafuta yapo, nafunga, nakanyaga, yawaka.”

Mjomba akatabasamu, akakitwaa kifuniko akakigeuza juani. Tangi lilikuwa limepakwa rangi mpya, na kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kilikuwa kimezibwa na rangi. Petroli ikishuka, hewa haina pa kuingilia kujaza nafasi yake, na baada ya muda petroli hukataa kushuka. Sote tumefundishwa jambo hilo katika maabara: mrija uliojaa maji hautoi tone maadamu umeuziba juu kwa kidole. Tulikizibua kwa sindano ya cherehani. Mzee akaenda, na kesho yake akapita mbio akitupungia mkono bila kusimama.

Sisemi kwamba fundi yule wa kwanza alikuwa mwizi. Pengine aliijaribu mashine pale kwake, ikawaka, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimefunguliwa. Akadhani plagi imeponya. Kosa lake ni kwamba hakuuliza. Na dalili zile zile zaweza kuletwa na koili inayochoka ikipata moto, basi kukisia tu hakutoshi. Namna ya kuzitenga ni rahisi: mashine inapozima tu, papo hapo, usingoje ipoe, tazama cheche. Ikiwapo, mwache koili. Fungua kifuniko cha tangi, uwashe. Ikiwaka mara moja, umekwisha kumjua mwenye hatia. Jambo moja kwa wakati mmoja, kama tufanyavyo katika majaribio ya Fizikia. Mtu akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikawaka, amelipia vitatu wala hajui ni kipi kilichofaa.

Sasa nije kwenye oili, maana huko ndiko mashine nyingi huuawa. Watu humimina kwa kukisia: kifuniko kimoja, au mpaka rangi ionekane. Mtengenezaji huandika kipimo, kwa mfano 1 kwa 25. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: lita moja ya petroli kwa mililita 40 za oili, lita 5 kwa mililita 200. Kwa chupa ya maji ya nusu lita ni mililita 20, ambazo ni sirinji moja kubwa ya dukani. Oili ikipungua, pistoni hupata moto na kushikana na silinda, na hapo hakuna sindano ya cherehani itakayofaa. Lakini kuzidisha nako si usalama. Kila tone la oili lililozidi huchukua nafasi ya petroli, basi mashine hupata petroli kidogo kuliko inavyostahili, huku plagi ikilowa na bomba la moshi likijaa masizi. Kipimo kimewekwa kwa sababu.

Petroli yenyewe nayo iulizwe. Iliyokaa wiki nyingi ndani ya dumu hupoteza nguvu ya kuwaka, na wakati wa masika huweza kuingia maji, ambayo huzama chini kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Hapo mashine hunywa maji kwanza. Iko pia hila ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA walianza kutia alama maalumu katika mafuta ya magari ili wachanganyaji wakamatwe, lakini chupa iliyopangwa kando ya njia haina mkaguzi. Mafuta ya taa katika injini hizi huleta moshi, mgongo na plagi chafu, na mwenye mashine hulaumu kabureta.

Uko ugonjwa mwingine unaokuja polepole hata mtu asiutambue. Mashine huwaka, huenda, lakini kila mwezi nguvu yapungua. Mwenye kwenda Muheza hajui kitu. Mwenye kuupanda mlima wa Amani ndiye hujua. Hapo aghalabu tundu la moshi limezibwa na masizi magumu. Pandisha pistoni mpaka juu ilizuie vumbi lisiingie ndani, kisha ukwangue kwa kipande cha mti mgumu. Usitumie bisibisi ya chuma, maana mkwaruzo mmoja penye ukingo wa tundu hukata ringi. Nimewahi kuona bomba la moshi ambalo mlango wake ulibaki kama unene wa penseli, na mwenyewe alikuwa anatafuta pistoni mpya.

La hatari zaidi ni mashine inayonguruma yenyewe, mwendo ukipanda hata mkono wa petroli ukiwa umeachiwa. Vijana hufurahi wakidhani imepata nguvu. Haikupata nguvu, yakaribia kufa. Hewa yaingia kwa njia ya wizi, ama penye gasketi ya kabureta, ama penye sili za krenki, petroli yawa haba, na joto lapanda. Paka mapovu mazito ya sabuni au grisi kuzunguka maungio moja baada ya jingine. Mlio ukibadilika, umepapata.

Na kwa sisi watu wa pwani kuna adui ambaye vitabu vya kutoka nchi kavu havimtaji sana, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari hupaka viungo vya waya kutu ya kijani, na umeme hukwama hapo. Wavuvi wenye boti za mashine, toka Moa mpaka Pangani, hujua kuisafisha mashine kwa maji matamu kila wanaporudi. Mwenye baiskeli akae karibu na bahari bila kufuta hata kiungo kimoja, kisha atashangaa mashine inakataa asubuhi yenye umande na kukubali adhuhuri!

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema kwamba fundi mzoefu hahitaji maswali haya, yeye husikia kwa sikio. Ni kweli, mjomba wangu husikia. Lakini sikio lile limejengwa na miaka 30 ya kuuliza, na kijana anayeliiga bila miaka hiyo hubaki na makelele tu. Wengine watasema kazi ya kuuliza hailipi. Mteja hulipa kwa kifaa kilichofungwa, wala halipi kwa kifuniko kilichozibuliwa. Hoja hii ina uzito, na lawama yake ni yetu sisi wateja. Yule mzee wa samaki alitaka kumlipa mjomba sabuni ya kunawia tu, kwa kuwa “hukuweka kitu.” Nadhani nusu saa ya akili ya fundi ina bei yake, nasi tujifunze kuilipa, la sivyo tunamfundisha fundi kutuuzia koili.

Wako pia wanaosema kwamba injini za mapigo mawili zaondoka duniani, zina moshi, na kwamba umeme waja. Kuhusu moshi wasema kweli. Sehemu ya petroli mbichi hutoroka na moshi kabla haijawaka, na huo ni upungufu wa mpango wenyewe. Lakini mashine hizi hazitaondoka kesho. Ziko katika boti, katika misumeno ya kukatia miti, na migongoni mwa wakulima wa Mtwara na Lindi wanaopulizia mikorosho salfa. Na baiskeli ya umeme ikiharibika, nayo itaulizwa vilevile: umeme upo? wafika wapi? wakatika wapi?

Basi ombi langu ni kwa walimu wetu. Katika Fizikia twasoma jinsi Faraday alivyogundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikitembea karibu na waya huzaa umeme, tunachora picha, tunapata alama zetu. Magneto ya baiskeli ni jambo hilo hilo likizunguka mbele ya macho, lakini wengi wetu hatujaligusa. Tanga ndiko ilikokuwa shule ya serikali ya zama za Wajerumani, toka miaka ya 1890, nako wanafunzi walifundishwa kazi za mikono pamoja na kusoma. Gazeti la Kiongozi, mwanzoni mwa karne ya 20, lilichapwa hapo hapo shuleni. Sioni kwa nini sisi tuogope kuchafua vidole.

Sidai karakana mpya. Inatosha injini moja ndogo, hata iwe imekufa, ifungwe juu ya meza nyuma ya maabara. Kila Jumamosi mwalimu aifiche kosa moja: kitundu kilichozibwa, waya uliolegezwa, plagi yenye nafasi iliyozidi. Wanafunzi wanne wanne walitafute, na kabla ya kushika spana waandike katika daftari wanashuku nini na kwa sababu gani. Atakayebadilisha vitu viwili kwa pamoja akose alama hata kama mashine imewaka. Mjomba wangu ana injini kama hiyo chini ya benchi lake, imekaa huko miaka miwili, na amekubali kuitoa bure iwapo shule itatuma mtu kuichukua.